Siku nzima na mistari minane

Saa 1:30 asubuhi niko ofisini, Dar es Salaam, chai na chapati mezani. Majirani wanajua natengeneza kompyuta. Kazi yangu hasa ni kukagua marekebisho ya programu za ruta kabla hayajawafikia wateja. Leo nina moja tu: mistari minane kwenye draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya mtandao.

Saa 3:00. Nasoma malalamiko. Ruta za mteja mmoja wa mkoani huganda usiku, watumiaji wakiwa wachache, kisha huzinduka zenyewe.

Pakiti, yaani kifurushi cha data, ikifika, kadi huigongea prosesa kengele, ndiyo intarapti. Lakini kadi ya gigabiti 1 inaweza kupokea pakiti ndogo takriban 1,488,000 kwa sekunde, na prosesa ikigongewa kwa kila moja haitashika kazi nyingine. Ndiyo maana Linux, mfumo endeshi wa ruta hizi, ina utaratibu uitwao NAPI: kengele ikilia inazimwa, pakiti zinachotwa kwa zamu, kwa kawaida zisizozidi 64, na foleni ikiisha zamu inafungwa, kengele inawashwa tena. Kwa kadi hii, pakiti inayoingia foleni ikishakaguliwa lakini kengele haijawashwa, haina wa kuitangaza. Inakaa mpaka ije nyingine. Mchana nyingine inakuja papo hapo. Usiku wa manane, ni kusubiri.

Kijana aliyeandika marekebisho amegeuza mpangilio: anawasha kengele kwanza, ndipo anafunga zamu.

"Dada, nimeipima siku mbili kwa mzigo kamili. Haijaganda hata mara moja."

Namwamini. Ila mzigo kamili ndio unaolificha kosa hili.

Kuanzia saa 5:00 natuma pakiti mojamoja, kwa vipindi visivyolingana, macho kwenye /proc/interrupts, faili linaloonyesha kengele imelia mara ngapi. Namba inapanda. Inapanda. Chakula cha mchana nimekila hapohapo mezani. Mara mbili kijana amekuja kuniuliza kama bado, na mara mbili nimemwambia avute subira. Macho yanauma, mgongo umekakamaa, na namba bado inapanda.

Halafu ikasimama. Nikatuma pakiti nyingine, na nyingine. Kimya. Safari hii haikuzinduka.

Nikamwita, tukachora kwenye karatasi. Kengele ikilia kabla zamu haijafungwa, draiva inaizima na kuomba zamu mpya. Inajibiwa kuwa zamu ipo. Papo hapo zamu hiyo inafungwa. Kengele imezimwa, na hakuna tena wa kuiwasha. Kerneli mpya, yaani kiini cha Linux, zina alama ya kukumbuka ombi kama hilo. Ya ruta hizi ni ya zamani, haina. Wateja wangeamka na ruta iliyokufa kabisa, na fundi angesafiri kwenda kuizima na kuiwasha.

Kijana alinyamaza kidogo, akavuta kiti. Tukaandika upya pamoja: funga zamu, washa kengele, kisha chungulia foleni tena, ukikuta kitu, omba zamu mpya. Huko kuchungulia mara ya pili ndiko kulikokosekana tangu mwanzo.

Giza limeshaingia. Nimeacha jaribio likiendelea mpaka asubuhi, pakiti mojamoja. Idhini sijaiandika bado. Natoka kutafuta daladala, na nilipoichungulia mara ya mwisho, namba ilikuwa inapanda.