Mumewe Aliwahi

Bwana asifiwe, wapendwa.

Kila Agosti ikiingia moyo wangu huwa mzito, na mwaka huu umezidi, kwa ajili ya jambo lililotokea Jumatano kwenye ushirika wetu wa nyumbani. Ndugu mmoja alisimama kutushuhudia jinsi Bwana alivyomwepusha na bomu la 1998, lile lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani hapa Nairobi. Asubuhi ile alikuwa na shughuli katika jengo la Ufundi, jirani na ubalozi, matatu ikamchelewesha, akafika mjini na kukuta moshi. Akatusomea Zaburi 91, ile ya watu elfu kuanguka ubavuni pako na kumi elfu mkono wako wa kuume, wala wewe usikaribiwe. Tukapiga makofi, sebule nzima ikaitika "Amina!"

Karibu naye alikuwa ameketi mama ambaye mumewe alikuwa ndani ya jengo hilo hilo. Mumewe aliwahi.

Mama yule naye alipiga makofi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki hii.

Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo niseme kidogo. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 7 Agosti, saa nne na nusu imepita. Sisi tulikaa Muthurwa, kwenye nyumba za reli, na kutoka pale hadi ubalozi wa Marekani, uliokuwa kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie, ulikuwa mwendo wa miguu tu. Nilikuwa mlangoni nachagua mchele. Ardhi ilitikisika, vioo vya dirisha vikamwagika ndani, na mama akatoka jikoni akiniita kwa jina la ndugu yangu.

Waliokuwa mjini wanasimulia kwamba kulitangulia mlio mdogo. Watu maofisini wakainuka kwenda dirishani kuchungulia kuna nini, na mlipuko mkubwa ukawakuta nyuso zimeelekea kioo. Ndiyo sababu wengi walipoteza macho siku ile. Jengo la Ufundi, lililokuwa na chuo cha uhazili, yaani vijana wetu wa kike kwa wa kiume, liliporomoka lote. Hapa Nairobi waliuawa watu 213, na maelfu wakajeruhiwa. Dar es Salaam nayo ilipigwa asubuhi hiyo hiyo.

Baba alirudi usiku. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la saruji na kucha zimechanika, kwa maana mchana kutwa walikuwa wanafukua kifusi kwa mikono. Hakusema neno. Jirani yetu, mzee Mwislamu, akaja na birika la chai, akaketi naye pale uani mpaka usiku wa manane. Hakumweleza lolote kuhusu mapenzi ya Mungu. Rafiki zake Ayubu nao walianza vizuri hivyo, siku saba mchana na usiku wameketi chini pamoja naye bila neno. Waliharibu walipofungua midomo.

Sasa niseme na sisi tuliookoka. Yesu mwenyewe aliletewa habari kama hizi. Katika Luka 13 anawataja wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu wakafa, na anauliza: mwadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Anajibu mwenyewe: sivyo. Kisha anawageukia waliosalia hai, anawaambia watubu. Hakumpa hata mmoja nafasi ya kujipima na maiti akajiona bora.

Lakini sisi tunajipima. "Mimi nimefunikwa kwa damu." "Mungu wangu halali." Je, waliokuwa Ufundi hawakufunikwa? Mungu wao alikuwa amesinzia? Mle ndani walikuwemo watu walioamka alfajiri wakaomba kuliko wewe na mimi. Na tukishika Zaburi 91, tukumbuke kwamba aliyeinukuu mbele ya Yesu pale juu ya kinara cha hekalu alikuwa Ibilisi, na alikuwa anaitumia hivyo hivyo: jitupe, wewe hutaumia.

Ndugu zangu, sikatazi shukrani. Aliyepona na ashukuru, hata kwa machozi na vigelegele. Ila tazama kwanza nani ameketi karibu nawe. Paulo ameweka mambo hayo mawili katika mstari mmoja, Warumi 12:15, furaha pamoja na wafurahio, kilio pamoja na waliao, kwa kuwa wote wako sebule moja. Na kilio hiki cha 1998 hakijaisha kwa sababu tu magazeti yameacha kukiandika. Wapo waliokua bila baba. Wapo wanaoshikwa mkono kuvushwa barabara hadi leo. Mtembelee mmoja. Usiende na mahubiri. Nenda na sukari, keti, uliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, alipenda chakula gani, alimtania nani. Watu wengi hawajaulizwa hivyo kwa miaka, kwa sababu kanisani tunawauliza tu kama "wameachilia".

Nimeongea na yule mama, na pia na ndugu yetu aliyeshuhudia, hakukasirika. Jumatano hii mama atatusimulia habari za mumewe, naye ndugu ndiye atakayeongoza maombi. Shuhuda nyingine zitangoja wiki ijayo. Jumamosi, wenye nafasi tutakutana saa tatu asubuhi kwenye bustani ya kumbukumbu, pale ulipokuwa ubalozi, tumsindikize mama akalisome jina la mumewe ukutani. Atakayekuja na gari aniambie mapema, mama ana shida ya magoti.