Hilux: kuondoa mkwaruzo wa tairi za 265/70R17

Hilux ya tairi za 265/65R17 (upana milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana, rimu ya inchi 17) nimeivalisha 265/70R17, rimu zilezile. Kipenyo kimetoka milimita 776 hadi 803: gari limeinuka milimita 13, na mwendo halisi umezidi ule wa awali kwa asilimia 3.4, spidomita ikisoma kilekile.

Usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi za mbele zilikwaruza plastiki ya ndani ya madigadi, upande wa nyuma. Alama ya kung'aa huonyesha mahali penyewe. Nilifungua klipu, nikapasha plastiki kwa hewa ya moto, nikaisukuma nyuma sentimita 2 na kuishikilia mpaka ikapoa. Msitumie moto wa gesi, huitoboa.

Spea nayo ibadilishwe! Tairi zisizolingana ekseli ya nyuma huumiza difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya ekseli).