Pale Palikuwa na Watu

Wiki ya tatu ya BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, mkufunzi wa chuo alikuja kunikagua bila taarifa. Nilikuwa mwanachuo wa ualimu mwaka wa pili, mtoto wa Tanga, nimepangiwa shule ya msingi wilayani Hanang, mkoani Manyara, mahali ambapo asubuhi unaingia darasani na sweta na dirishani unauona mlima mzima mpaka kileleni. Kipindi kilikuwa cha Maarifa ya Jamii, Darasa la Tano. Andalio la somo lilikuwa tayari. Zana nilikuwa nazo pia: ramani niliyoichora kwenye manila, na kicha cha masuke ya ngano.

Mada ilikuwa kilimo cha biashara, nami niliona nimepata bahati kufundisha ngano nikiwa Hanang kwenyewe. Nikawaeleza wanafunzi kwamba katika miaka ya 1970 shirika la umma, kwa msaada wa Canada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano upande wa Basotu ili nchi isitegemee kuagiza nje. Nikayaeleza matrekta, nikazieleza mashine za kuvunia. "Kabla ya hapo," nikasema, "palikuwa pori tupu."

Sentensi ile sikuitoa kitabuni. Niliitunga pale pale ili somo linoge.

Binti mmoja wa dawati la mwisho, karibu na mlango, alinyoosha kidole. Nikampita. Akanyoosha tena, nikampita. Mara ya tatu nikadhani anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikamwambia, "Wewe Mang'ati, tulia, kipindi kinaisha sasa hivi." Darasa likacheka. Yeye akashusha mkono, akaukalia.

Jina hilo nililikuta kwenye ofisi ya walimu, kila mtu akilitumia, nami nikalichukua kama nilivyolikuta. Na huyo binti nilikuwa nimeshamhukumu siku nyingi: hajui Kiswahili. Mimi niliyezaliwa Pwani, ambaye Kiswahili ndicho nilichonyonya, sikuwahi kujiuliza ni kazi gani anayoifanya mtoto ambaye nyumbani kuna Kidatoga, majirani wana Kiiraqw, na hizo lugha mbili wala hazifanani, wala hakuna hata moja iliyo ya Kibantu. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya tatu, na alikuwa anakiandika bila makosa. Madaftari yake nilikuwa nayasahihisha kila wiki.

Baada ya kipindi mkufunzi alinikalisha kwenye benchi nje ya ofisi. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Fomu ya tathmini hakuigusa kwanza. Alinipa karatasi aliyoirarua kwenye daftari lake. Alikuwa amechora madawati yote kama vijisanduku, na kila nilipouliza swali alikuwa ametia kijiti kwenye sanduku la niliyemwelekea. Maswali 26. Vijiti 19 vilikuwa kwenye madawati manne ya mbele, na katika hivyo 19, wasichana walipata vitatu. Sanduku la karibu na mlango halikuwa na kijiti. Pembeni yake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *kidole, mara 3*.

"Mwanangu," akasema, "Mang'ati ni neno la Kimaasai. Unajua maana yake?"

Sikujua.

"Adui. Wenyewe ni Wadatoga. Sasa nenda kamuulize alitaka kusema nini."

Nilikwenda kesho yake, asubuhi, wakati wa usafi. Alikuwa anafagia. Nilimwomba radhi kwa lile jina mbele ya wenzake, maana mbele yao ndipo nilipolisema. Kisha nikamuuliza. Alikaa kimya kidogo, ufagio mkononi, akasema, "Mwalimu, pale hapakuwa pori. Pale palikuwa na watu. Baba yake babu amezikwa pale."

Kwa Wadatoga, mzee aliyeheshimiwa sana hujengewa kaburi la kichuguu, na shughuli ya mazishi yake huchukua miezi. Mashamba yale yalipofunguliwa, wafugaji waliondolewa kwenye malisho yao, na matrekta yakapita hata juu ya makaburi. Walikwenda mpaka mahakamani miaka ya 1980. Haya yote nilikuja kuyasoma baadaye. Asubuhi ile nilikuwa na maneno ya mtoto wa miaka kumi na mmoja tu, na yalitosha kunifanya nishindwe kumtazama machoni.

Kipindi kilichofuata niliibandika tena ileile manila. Nikawaambia wanafunzi kwamba nilikosea, na nikawapa kazi: waulize wazee nyumbani, pale mashambani paliitwaje kabla ya ngano, nani alikaa, alifuga nini, maji aliyatoa wapi. Walirudi na majina mengi kuliko nafasi ya ramani. Yule binti aliyataja ya kwao polepole, silabi kwa silabi, na mimi nikayaandika kwa jinsi nilivyoyasikia, nikifuta kila aliposema siyo. Watoto wa Kiiraqw nao wakaleta ya kwao. Mahali pamoja palikuwa na majina matatu, wakabishana, nikawaacha wabishane.

Ndipo kijana mmoja wa dawati la mbele, hodari kuliko wote, akanyoosha kidole. Hakuwa anabisha, alitaka kujua kweli.

"Mwalimu, kwenye mtihani tutasiliba jina lipi kuwa ndilo jibu?"

Nilikuwa na chaki mkononi. Nikamwambia mtihani hautauliza majina haya. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, kwa sababu wanaotunga mtihani hawajayasikia.

"Basi si tuwaandikie?" akasema.

Barua ile tuliiandika siku mbili, kurasa nne, na binti wa dawati la mwisho ndiye aliyeinakili kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa darasa zima. Niliibeba nilipomaliza BTP nikamkabidhi mkufunzi wangu. Jibu halikuja. Nakala ninayo, nimeiweka ndani ya ile manila iliyokunjwa, na wanafunzi wote 47 wametia sahihi.