Nembo ya Kijani Inajibu Swali Gani?

Anayenunua rangi, mbao au jokofu siku hizi hukutana na nembo nyingi zenye majani, miti na mishale ya kijani, na ni rahisi kuziamini zote kwa kiwango kimoja. Mimi nimezoea kuziuliza mambo mawili: nani amekagua, na amekagua nini hasa?

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, hutenganisha madai ambayo mtengenezaji huyatoa mwenyewe, chini ya kiwango cha ISO 14021, na nembo zinazotolewa na chombo huru kwa vigezo vilivyotangazwa, chini ya ISO 14024. Blauer Engel ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1978, na nembo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1992 zimo katika kundi hili la pili. Kopo lililoandikwa "rafiki wa mazingira" pasipo jina la mkaguzi halinipi chochote cha kupima. Ipo pia aina ya tatu, tamko la mazingira la bidhaa, ambalo hutolewa sana kwa saruji na chuma. Tamko hilo huorodhesha takwimu, kama vile kiasi cha hewa ya kaboni kinachotokana na utengenezaji, lakini halisemi kwamba bidhaa ni bora. Ni lazima mnunuzi alinganishe mwenyewe.

Mbao ndizo zinazofundisha zaidi. FSC, shirika la kimataifa linaloidhinisha misitu inayotunzwa vizuri, lililoundwa mwaka 1993, hushughulikia asili ya mti: "FSC 100%" humaanisha kwamba mbao zote zimetoka katika misitu iliyoidhinishwa, ilhali "FSC Mix" huruhusu kuchanganya malighafi hiyo na iliyorejelezwa au na mbao zilizodhibitiwa kwa masharti mepesi zaidi. Hata hivyo, ubao ulioundwa kwa vipande vya mbao vilivyounganishwa kwa gundi unaweza kuwa na nembo hiyo na bado ukatoa formaldehidi, gesi yenye madhara kwa afya, ndani ya chumba, kwa sababu hewa ya chumbani si swali la FSC. Swali hilo hujibiwa na nembo kama GREENGUARD, ambayo nayo haichunguzi msitu. Kwa chumba cha mtoto, mimi ningetaka zote mbili.

Kwenye vifungashio, alama ya Der Grüne Punkt huonyesha tu kwamba mtengenezaji amechangia gharama za kukusanya na kuchakata taka za vifungashio, wala haithibitishi kwamba kifungashio hicho kitarejelezwa.

Nembo halali ya FSC huambatana na msimbo wa herufi C na tarakimu sita. Msimbo huo ukitafutwa katika tovuti ya shirika lenyewe, hutokea jina la mwenye leseni, hali ya cheti na aina za bidhaa zinazohusika. Na jina hilo lisipolingana na mtengenezaji wala mfanyabiashara anayehusika na bidhaa, namtaka muuzaji anipe maelezo kabla ya kulipa.