Maziwa ya saa 3 yametoka saa ngapi?

Saa 1:00 asubuhi. Nimeshuka daladala, nimenawa mpaka viwikoni, naingia wodi ya watoto njiti hapa Dar. Kazi yangu ukiisimulia mtaani watu wanacheka: napima maziwa yanachukua muda gani kutoka tumboni mwa kichanga. Shangazi yangu husema, "Si umsubiri tu alie?"

Saa 2:50. Mtoto wa kwanza ana kilo 1.5, analishwa kwa mpira wa puani. Mama yake amekaa pembeni anakamua kwenye kikombe. Jeli naipasha kwanza kiganjani. Ukimpaka ya baridi atalia, akilia atameza hewa, na penye hewa altrasaundi haioni kitu, kioo chote ni ukungu. Namlaza ubavu wa kulia, maziwa yashuke kwenye mlango wa kutokea, hewa ipande. Natafuta ncha ya ini, halafu mshipa mkubwa wa damu kwa nyuma. Hapo kati kuna kiduara: mwisho wa tumbo kabla ya utumbo. Napima urefu na upana. Sasa hivi ni kama punje ya haragwe.

Saa 3:00. Mililita 28 zinateremka zenyewe, bomba la sindano likiwa juu, hatusukumi. Kiduara kinavimba. Kuanzia hapo, picha kila baada ya dakika 10. Kuta zinabana, zinaachia, vichembe vyeupe vinazunguka ndani. Hapa huwa nasahau kama niko kazini.

Saa 3:40. Uvimbe umepungua nusu. Ndiyo namba ninayoitafuta, na hainishangazi. Mwaka 1994 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walipima njiti wakakuta nusu ya maziwa ya mama imetoka kwa dakika 36, ya kopo kwa dakika 72.

Saa 6:30 mchana. Bibi wa mtoto haruhusiwi kuingia, tunaongea mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Maziwa ya huyu binti mepesi, hayashibishi. Tumnunulie ya kopo?"

Namweleza kwamba ya kopo yametokana na ng'ombe, yanaganda mabonge magumu tumboni, ndiyo maana yanakawia. Ya mama yanaganda laini, yanapita upesi.

"Sasa si afadhali yanayokaa?"

Nimesomea haya miaka, na bado swali hilo hunikwamisha kidogo. Nikamwambia tumbo si ghala, bibi. Chakula kinafanya kazi kikishafika kwenye utumbo. Akaguna.

Saa 9:15 alasiri. Mtoto wa pili acheua dakika ya 15. Maziwa yametokea juu badala ya chini. Nafuta mstari mzima daftarini, nabadilisha kanga.

Saa 10:00. Naingiza namba kwenye kompyuta. Yule mama wa asubuhi anakuja taratibu, mkono kwenye mshono, anaomba kuona picha.

"Hayo ya kijivu ndiyo yangu?"

"Ndiyo. Na hapa, dakika ya 40, yamebaki haya tu."

Akaiangalia muda mrefu. Kisha akauliza kikombe chake kimewekwa wapi, akamue ya saa 12.