Askari wa Gotini

Katuni ile ilisema Kifaransa, na kwenye ploti yetu kule Umoja, Nairobi, hakuna aliyejua Kifaransa hata cha kuombea maji. Jirani wa mlango wa nne alikuwa akifanya kazi ya nyumba kwa Wafaransa fulani Lavington. Walipofungasha kurudi kwao mwaka wa 1995 wakamwachia sufuria, mapazia na kaseti mbili za video. Mumewe alikuwa na deki. Basi kila Jumamosi mchana tulivua viatu mlangoni kwake, watoto kumi na kitu, tukabanana sakafuni.

Leo naijua: ni Il était une fois... la Vie, vipindi 26 vya Albert Barillé, vilivyoanza kuonyeshwa Ufaransa mwaka wa 1987. Ndani yake mwili ni mji. Seli nyekundu wanabeba mapovu ya oksijeni mgongoni kama mahamali wa soko la Gikomba, seli nyeupe ni askari, vijidudu ni wahuni, na kule ubongoni anakaa mzee mwenye ndevu ndefu anayeamrisha kila kitu. Wakati ule hatukujua hata jina la katuni yenyewe. Na rangi pia hatukuziona. Kaseti za Ufaransa zilirekodiwa kwa mfumo wa SECAM, vyombo vyetu Kenya vilikuwa vya PAL, kwa hiyo picha ilitoka kijivu tupu. Mwenye deki aliipiga televisheni makofi mawili mgongoni, akaona haisikii, akaiacha. Seli nyekundu nilizijua kwa mizigo yao tu. Miaka mingi baadaye nilipoziona kwenye simu, nyekundu kama nyanya, nilishtuka kama mtu aliyekutana na jamaa yake kanyoa ndevu.

Mkalimani nilikuwa mimi. Hakuna aliyenichagua. Nilikuwa darasa la sita, tulikuwa tumesoma damu kwenye somo la Sayansi, na nilichokosa kwenye kitabu nilikitunga papo hapo. Mhuni akiingia kwenye kidonda nilipaza sauti: "Huyu katoka kwenye mtaro wa hapo nje!" Askari wakimmeza, nyumba nzima ilishangilia. Nilionja utamu wa kusikilizwa, na utamu huo ndio uliotuponza.

Jumatatu moja mdogo wangu, wa miaka saba, aliteleza akicheza mpira wa makaratasi, goti likachanika kwenye kokoto. Mama angekiosha kidonda kwa maji moto ya chumvi, mchezo ukaisha. Lakini mama alikuwa bado sokoni, na mtaalamu wa damu nilikuwa pale. Nikamkataza kuosha. Maji, nilimweleza, yatawafagia askari wote. Nikamfunga kitambaa kilichochanwa kutoka kwenye fulana, nikamvisha suruali ndefu.

Kila jioni nyuma ya tangi la maji nilikifungua kile kitambaa, na wale wale wa Jumamosi wakachuchumaa kutazama. Siku ya pili kidonda kilikuwa kimevimba pembeni. "Askari wanafika," nikasema. Siku ya tatu kukawa na usaha, wa rangi ya uji wa mtama uliolala, na kitambaa kiligandamana na ngozi hata ikabidi nikilowanishe kwa mate. Mdogo wangu aliuma mkono wa shati asilie. Usiku akanionyesha kitu kingine: mtoki, mgumu kama kokwa ya zambarau, kinenani. Nikamwambia hicho ni kituo cha polisi. Nilikuwa karibu na ukweli kuliko nilivyostahili, maana tezi zile kweli ndimo seli nyeupe zinamojazana kukiwa na vita. Ila mwenyewe nilikuwa nimeanza kuogopa. Kwenye kaseti, vita vilikwisha kabla ya chai.

Alhamisi asubuhi alishindwa kukunja mguu. Mama alivuta ile suruali, akanusa kabla hajaona.

Kliniki tulienda kwa miguu, mdogo wangu mgongoni mwa mama, mimi nyuma kama mshtakiwa. Muuguzi alikuwa mwanamume wa makamo ambaye mtaa wote ulimwita daktari. Alikiosha kidonda taratibu, akakamua, akauliza bila kuinua macho: "Nani alifunga hapa?" Nikasema. Mama akaniambia nieleze na sababu, basi nikaeleza: deki, mahamali, askari, mzee wa ubongoni. Sauti ilikuwa ikinikauka.

Muuguzi hakucheka. Alinisogezea kile kibakuli cha chuma kilichopinda kama figo. "Ndio hawa askari wako," akasema. "Wamekufa. Usaha ni maiti zao." Kisha akageuka kwa mama: "Mama, kijana amesoma vizuri. Ni vile tu hakuwapelekea msaada." Akamdunga mdogo wangu penisilini kwenye tako, na nyingine ya pepopunda kwenye mkono, maana vijidudu vya ugonjwa huo hukaa mchangani, na kokoto zile zilikuwa na kila kitu cha Umoja. Akatuambia turudi kesho, na kesho kutwa, kwa sindano zaidi.

Njiani mama hakuninyanyulia mkono. Alinituma chumvi dukani, akanisimamisha jikoni, akanifundisha kuchemsha maji na kusubiri yapoe mpaka kidole kivumilie. Kuanzia jioni ile kuosha kidonda ikawa kazi yangu, asubuhi na jioni, hadi gaga likadondoka lenyewe.

Jumamosi tulirudi mlango wa nne. Sikutaka kutafsiri, lakini wenzangu walikataa katakata kutazama bila mimi. Mdogo wangu alikalishwa mbele kabisa, mguu umenyooshwa, bendeji nyeupe. Wahuni wakaingia. Askari wakaja mbio, wakawameza, muziki ukapigwa, watoto wakashangilia. Yeye alikuwa bado anakodolea skrini, kakunja uso.

"Na mwenye sindano," akaniuliza, "anakuja saa ngapi?"