Nilivyomtengenezea shangazi kuba ya tyubu huko Ruai

Shangazi yangu ana kashamba Ruai, huku Nairobi, anaotesha miche ya sukuma na nyanya, na upepo wa huko si mnaujua, ni tambarare tupu hakuna kitu cha kuuzuia, kila msimu unang'oa neti yake pamoja na vijiti. Nikamwambia shangazi wacha nikutengenezee kuba, fremu ya mviringo ya tyubu za chuma zilizoungwa pembetatu pembetatu, upepo uteleze tu juu yake upite. Wakati nasema hivyo sikuwa nimewahi kutengeneza hata stuli.

Kwa kompyuta nilitumia FreeCAD, programu ya kuchorea vitu, kwa sababu ni ya bure. Siku tatu nzima nilihangaika kuchora duara nikilikata vipande, halafu nikagundua kuba ya aina hii haichorwi kwa macho, ni hesabu mbili tu. Ile ndogo ya pembetatu, zile wanaita 2V, ina tyubu 65 na ni za urefu wa aina mbili basi: fupi 30 na ndefu 35. Fupi ni rediasi (katikati ya kuba hadi ukingoni) mara 0.5465, ndefu ni rediasi mara 0.618. Kwa hiyo nikaweka rediasi kwa selo moja ya jedwali la FreeCAD, vipimo vingine vyote vikawa vinaisoma hiyo selo, ukibadilisha namba moja kuba nzima inajivuta yenyewe. Nikaweka mita 3, ikanipa fupi 1.64 na ndefu 1.854. Nikaandika kwa karatasi nikaenda Kariobangi Light Industries nikiwa najiona injinia.

Fundi niliyempata ni mzee wa pole pole, mkono wake safi sana. Niliporudi mchana alikuwa amekata fupi 12 na ametoboa nne. Nikachukua tepu. Kumbe amekata 1.64 ncha kwa ncha halafu akatoboa sentimita 2 ndani kila upande, na vipimo vyangu vilikuwa vya tundu kwa tundu! Kosa langu, karatasi haikusema. Nikampigia hesabu pale pale nikiwa nimekasirika, nikashangaa: ukitoa sentimita 4 kwa fupi na 4 kwa ndefu, kuba bado inafunga, inakuwa tu ndogo kidogo. Nikabadilisha ile selo ikawa 2.93, fupi 1.601, ndefu 1.811, maisha yakaendelea.

Shida yenyewe ilikuwa ingine. Zile nne zilizotobolewa hazikulingana, moja ilizidi mwenzake kwa milimita 8, kwa sababu alipima ya kwanza kwa tepu, ya pili akaiga kwa ya kwanza, ya tatu akaiga ya pili, na chaki nayo ni nene kama kidole. Hiyo ndo inaua kuba. Kosa likiwa moja kwa zote inafunga, lakini kila tyubu ikiwa na kosa lake, ukifika juu tundu hazikutani hata uite nani. Nikamwambia, "Mzee wangu, wacha tepu, tutengeneze jigi." Akaniangalia, akasema, "Kijana, ungesema hivyo asubuhi." Akachukua pande la angle line, kile chuma cha umbo la L, akachomelea pini upande mmoja, upande ule mwingine akaweka tundu la kuongoza drili, moja ya fupi na moja ya ndefu. Unatoboa tundu la kwanza, unalivika kwa pini, unatoboa la pili. Ncha ikizidi kidogo haina neno, tundu ndo haliruhusiwi kucheza. Zile nne tukatupa.

Ncha tulipondea kwa jeki ya lori ndani ya fremu, na hapa angalia mshono wa tyubu ulale kwa ubapa, ukikaa kwenye mkunjo inapasuka. Tunapondea, tunatoboa, halafu tunakunja nyuzi 16 kwa fupi na 18 kwa ndefu. Fupi tukapaka nyekundu ndefu nyeupe, maana ukichanganya hata moja utajua baada ya saa mbili. Tyubu nzima za mita 6 zilitumika 23, ukihesabu na zile nne tulizotupa. Bolti nilinunua fupi sana, ncha sita zikipandana ni karibu sentimita 2 na bado hujaweka wosha na nati, nikarudi dukani nikiwa mpole.

Kusimamisha tulikuwa watatu, Jumamosi moja. Chini ni ndefu 10 zinazunguka, halafu unapanda, na bolti zote unaziacha legelege hadi mwisho, ukikaza mapema umejifunga. Bolti ya mwisho juu kabisa niliiingiza kwa vidole, bila nyundo, nikakaa pale juu ya ngazi nikicheka peke yangu.

Shangazi akatoka na beseni la miche, akaizunguka kuba mara moja, akaizunguka mara ya pili, akauliza, "Na mlango uko wapi?"

Kwa kompyuta sikuwa nimechora mlango. Tuliishia kumwaga zege kwa miguu miwili ya kuba, tukatoa ile tyubu ya chini katikati yao, kwenye pembetatu yenye ncha iliyo juu zaidi, mita 1.54 kutoka chini. Anaingia ameinama, na kila akiinama ananitaja.